Okidi Isiyo na Lebo: Anza na Majani na Mizizi, Ua Lije Baadaye

Okidi nyingi zinazouzwa kwenye maduka ya kawaida hazina jina. Ukibahatika utakuta kijikaratasi kimechomekwa kwenye chungu, kimeandikwa "okidi" tu, pamoja na mchoro wa jua na tone la maji. Mnunuzi akishafika nyumbani hupiga picha ya ua, huituma kwa kila anayemjua na kuuliza inaitwaje. Mimi nimezipokea picha kama hizo kwa miaka mingi, na okidi zangu nyingi zilianza hivyohivyo, bila jina. Jibu langu halibadiliki: liache ua kwanza. Inua chungu, utazame mmea wenyewe.

Nasema hivyo kwa sababu ua ndilo wazalishaji walilolichezea zaidi. Okidi chotara ya kwanza iliyotengenezwa kwa mkono wa binadamu ilichanua Uingereza mwaka 1856, kazi ya mtunza bustani John Dominy. Tangu hapo okidi chotara zaidi ya 100,000 zimeandikishwa, mbali na spishi za porini zinazokaribia 28,000. Rangi, madoa, mistari na ukubwa wa maua vimechanganywa na kuchanganywa tena, hata okidi mbili zisizo na undugu wa karibu huweza kufanana kwenye picha. Majani, mashina na mizizi havikubadilishwa kiasi hicho. Vinakuambia mmea ni wa jenasi gani, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, na jenasi ndiyo inayokuonyesha jinsi ya kumwagilia, kiasi cha mwanga na mahali pa kukata au kutokata.

Swali la kwanza la kujiuliza ni mmea unakua vipi. Je, una ncha moja tu inayopanda juu na kuongeza jani moja baada ya jingine, au unatambaa pembeni na kutoa chipukizi jipya kando ya la zamani? Kama ni ncha moja, majani ni mapana na mazito yakipangana kushoto na kulia, na hakuna shina lililovimba popote, basi karibu hakika una Phalaenopsis. Hiyo ndiyo okidi inayotawala madukani duniani kote. Mizizi yake ni minene na ina rangi ya fedha ikiwa mikavu. Ilowe maji kidogo uitazame: itageuka kijani mbele ya macho yako, kwa kuwa tabaka lake la nje ni seli zilizokufa zinazofyonza maji na kuruhusu kijani cha ndani kionekane. Bua la maua hutokea ubavuni, chini ya jani. Halitokei juu kileleni.

Hapo sasa ruhusa kulitazama ua, na litazame kwa karibu. Okidi ina sepali tatu, yaani vipande vya nje vinavyolifunika tumba, na petali tatu za ndani, na petali moja imegeuzwa umbo ikawa kile tunachokiita mdomo. Kwenye Phalaenopsis kubwa nyeupe, mdomo una mabawa mawili yaliyosimama kukizunguka kijinundu cha manjano chenye vitone vyekundu, na kwenye ncha yake kuna nyuzi mbili nyembamba zilizojikunja. Ukiziona nyuzi hizo, unatazama urithi wa Phalaenopsis amabilis na jamaa zake wa porini wa Indonesia na Ufilipino. Kama majani yana mabaka ya rangi ya fedha na ua ni la waridi, kuna uwezekano mkubwa wa damu ya Phalaenopsis schilleriana. Madoa madogo yaliyojazana kwenye nusu ya chini ya sepali mbili za pembeni ni alama ya Phalaenopsis stuartiana. Maua madogo mengi kwenye bua lenye matawi huashiria Phalaenopsis equestris. Nayo maua yenye umbo la nyota, mazito kama yamepakwa nta, yenye harufu na yanayofunguka moja moja, hutoka upande wa Phalaenopsis violacea, bellina au amboinensis.

Hizo za mwisho zinastahili tahadhari. Watu huzikata mabua mara ua likianguka, kama wanavyofanya kwa zile nyeupe kubwa, kumbe bua lilelile bado lina matumba ya kutoa msimu unaofuata. Likiwa la kijani, liache. Hujui jina la okidi yako, lakini umbo la ua limeshakupa la kufanya.

Sasa zile zinazotambaa pembeni. Ukiona mashina marefu membamba yenye pingili, majani yakiwa yamepangana juu yake, fikiria Dendrobium. Geuza ua ulitazame kwa nyuma: sepali za pembeni zimeungana chini zikafanya kidevu kidogo kinachochomoza. Phalaenopsis haina kidevu hicho, kwa hiyo hata ua likiwa la zambarau na la duara kama la jirani yake dukani, utazitofautisha papo hapo. Kisha uliza maua yametokea wapi. Yakiwa kwenye bua refu karibu na kilele cha shina, una kundi la Dendrobium bigibbum, linalopenda joto mwaka mzima. Yakiwa yamebana kwenye vifundo, mafungu ya mawili matatu kwa urefu wa shina, una kundi la Dendrobium nobile, ambalo linahitaji miezi ya ubaridi na maji machache ili lichanue. Ukilimwagilia sana wakati huo litakupa vimea vidogo badala ya maua. Na kwa makundi yote mawili: usikate mashina yaliyopukutisha majani. Ni ghala la maji na chakula, na mara nyingi huchanua tena yakiwa uchi.

Mashina yaliyovimba na kubanwa bapa, yenye majani membamba juu, mara nyingi ni ya Oncidium au jamaa zake. Kama kijikaratasi kinasema "Cambria", usikichukulie kuwa jina. Madukani neno hilo hubandikwa kwenye karibu kila mchanganyiko wa ukoo huo. Majani marefu membamba kama nyasi, yanayotoka kwenye vivimbe vya duara, pamoja na maua mazito yanayodumu wiki nyingi, ni Cymbidium, na hiyo haitachanua bila usiku wenye ubaridi. Ua lenye mfuko ulio kama sapatu ni Paphiopedilum. Haina vivimbe vya kuhifadhi maji, kwa hiyo isiachwe ikauke kabisa. Jani moja au mawili magumu juu ya shina nene, na ua linalotoka ndani ya ala, yaani kifuko chembamba, ni Cattleya. Majani meusi ya mahameli yenye mishipa myekundu, yanayouzwa kwa ajili ya majani yenyewe, ni Ludisia discolor. Hiyo ya mwisho nina furaha kuitaja, kwa kuwa ni mojawapo ya chache utakazozinunua dukani bila jina na ukalijua jina la spishi kwa uhakika.

Okidi ya buluu kali, buluu ya wino, itazame bua lake kwa makini. Mara nyingi utakuta tundu dogo la sindano lililozibwa, mahali rangi ilipoingizwa. Ni Phalaenopsis nyeupe, na maua yajayo yatakuwa meupe. Mmea wenyewe unaweza kuwa mzima kabisa, lakini mnunuzi ana haki ya kulijua hilo kabla hajalipa.

Kufikia hapa umepata jenasi, na pengine kundi ndani ya jenasi. Wengi hawataki kuishia hapo. Wanataka jina kamili, lile lenye jina la chotara na jina la mmea mahususi ndani ya alama za kunukuu, mfano Phalaenopsis Sogo Yukidian 'V3', nyeupe kubwa inayojulikana sana kwenye biashara. Nawaelewa. Lakini ushauri wangu hapa ni mkali: jina la namna hiyo halipatikani kwa kufananisha picha. Tunda moja la okidi hubeba mbegu nyingi mno, na miche ya tunda hilo moja, ingawa yote ina jina lilelile la chotara, huweza kutoa maua tofauti. Kwa upande mwingine, wazazi tofauti kabisa huzaa nyeupe kubwa zisizotofautishika. Mwaka 1960 Georges Morel wa Ufaransa alionyesha kwamba okidi inaweza kuzalishwa maabara kutoka kwenye ncha ya chipukizi, na ndiyo maana leo duka linaweza kuwa na rafu nzima ya mimea pacha. Hata hao pacha, baadhi hubadilika humo maabarani na kutoka na madoa au maumbo ambayo mama hakuwa nayo. Programu za simu za kutambua mimea hunisaidia kuthibitisha jenasi. Zikianza kutaja jina la chotara, nazifunga.

Jina la kubahatisha lina madhara. Shirika linaloandikisha okidi chotara duniani, Royal Horticultural Society ya Uingereza, linataka wazazi wote wawili wajulikane. Ukiubandika mmea wako jina la ua linalofanana na lake, kisha ukamgawia mtu kipande, naye akakizalisha, umeingiza uongo kwenye kumbukumbu ambazo watu wamezitunza kwa vizazi. Kuandika "haijulikani" si aibu hata kidogo.

Kuna okidi chache ambazo nakubali kuzitaja kwa jina, nikitanguliza neno "huenda". Oncidium yenye maua madogo ya kahawia iliyoiva, mdomo mweupe, na harufu ya chokoleti inayojaa chumba mchana, huenda ni Sharry Baby. Harufu ndiyo inayonishawishi, na picha haiwezi kuileta. Kwa hiyo ukimuuliza mtu mwenye ujuzi, mwandikie kama inanukia, inanukia nini na saa ngapi. Mtumie picha ya ua kwa mbele, kwa ubavu na kwa nyuma, ya mdomo peke yake, ya mahali bua linapotokea, ya majani na ya mizizi, ukiweka rula kando. Piga kwenye mwanga wa kivuli mchana, maana taa za ndani huibadili waridi ikawa chungwa.

Kabla ya kutupa chochote, kagua kifungashio na kitako cha chungu. Msimbo mdogo wa mzalishaji huweza kukufikisha kwenye katalogi yake. Kama chungu kimetoka Ulaya, tafuta kibandiko chenye bendera ya Umoja wa Ulaya na herufi A, B, C na D: mbele ya A huandikwa jina la kibotania, mara nyingi jenasi tu, na mbele ya D msimbo wa nchi ya asili.

Kisha tengeneza lebo yako mwenyewe. Yangu huandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino hufifia juani: jenasi, maneno "bila jina", maelezo mafupi ya ua, mwezi na mwaka wa kununua. Mmea ukichanua mara ya pili naongeza mwezi huo, pamoja na tofauti yoyote ya rangi, maana joto na mwanga hubadilisha ua la mmea uleule. Lebo ya pili, yenye maneno yaleyale, naizika ndani ya magome ya miti yaliyojazwa chunguni, ili ile ya juu ikichomolewa na mtoto au paka taarifa zisipotee.