Kuteleza mawimbini Durban baada ya kazi: jioni inawezekana, ila si mwaka mzima

Mkuu, umeuliza kama mtu anayetoka kazini saa 11 jioni hapa Durban, umri thelathini na ushee, hajawahi kushika ubao, anaweza kujifunza kuteleza mawimbini jioni. Wadau wamekujibu "njoo tu, bahari haina mwenyewe". Mimi nilijifunza kwa ratiba hiyo hiyo ya kibarua, na jibu langu ni ndiyo, kuanzia Novemba mpaka mwanzoni mwa Machi. Miezi mingine tafuta Jumamosi asubuhi.

Hesabu ni ya jua. Desemba linazama karibu saa 1 usiku, kwa hiyo ukitoka kazini unabaki na saa nzima ya maana. Juni linazama saa 11 na dakika chache. Ukifika ufukweni ni giza. Sisi tuliotoka Dar, ambako jua halibadiliki sana mwaka mzima, jambo hili hutupiga chenga.

Na giza la hapa si la kuchezea, kwa sababu ya papa. Watu wanasikia "kuna nyavu" wanadhani bahari imezungushiwa uzio. Si uzio. Nyavu za KwaZulu-Natal Sharks Board, shirika la mkoa linaloshughulikia papa, nyingi zina urefu wa mita 214 na kina cha mita 6, zimetegwa kama mita 400 kutoka ufukweni, mahali penye maji ya mita 10 hadi 14. Papa anaweza kupita chini yake au pembeni. Kazi ya nyavu ni kupunguza idadi ya papa eneo hilo. Tena Juni na Julai, sadini wanapopita kwa makundi, nyavu huondolewa. Mimi jua likianza kugusa majengo natoka, hata kama wimbi zuri linakuja. Vilevile mvua kubwa ikinyesha na mto uMngeni ukamwaga maji ya tope, siingii siku kadhaa. Papa wanapenda maji hayo, na tangu mafuriko ya Aprili 2022 tunajua pia majitaka huishia wapi.

Sasa upepo. Wakali wote utawaona alfajiri, maana mchana wa kiangazi cha hapa, yaani hiyo hiyo miezi ya jua refu, huvuma upepo wa kaskazini-mashariki unaovuruga mawimbi. Watakuambia jioni ni takataka. Kwao ni kweli. Wewe bado huhitaji wimbi safi, unahitaji povu, yaani wimbi lililokwisha kuvunjika likawa jeupe na linasukuma moja kwa moja kuelekea nchi kavu. Povu lipo hata upepo ukichafuka, na hakuna mjuzi wa kukufokea kwamba umemkatia njia. Ndiyo maana nasema jioni inamfaa anayeanza kuliko wanavyokubali.

Nenda ufukwe wa Addington, upande wa kusini karibu na mlango wa bandari, ambako mawimbi yanayotoka kusini hufika yamepungua nguvu. Fukwe za New Pier na North Beach ziache kwanza. Kodi ubao wa sponji wa futi 8 au 9, usidanganywe na ule mfupi unaopendeza. Nguo ya mpira kiangazi huhitaji, maji ya hapa ni ya vuguvugu. Vaa fulana ya kubana tu, la sivyo mbavu zitachubuka.

Simama kwenye maji ya kiunoni, lala juu ya ubao vidole vya miguu vikigusa mkia, subiri povu. Likikufikia utasikia mkia unanyanyuka na ubao unaanza kukimbia wenyewe. Wengi hurukia hapo hapo na kuanguka. Piga makasia mawili zaidi kwa mikono, kisha viganja chini ya kifua, sukuma, leta miguu yote miwili kwa mpigo mmoja. Usipitie magotini, ukizoea magoti utayabeba mwaka mzima. Macho yaangalie majengo ya mbele. Ukiangalia miguu yako, pua ya ubao inachoma maji na wewe unafuata. Zoezi hili lirudie sebuleni mpaka jirani wa chini alalamike.

Kama hujui kuogelea, anza bwawani, sitanii. Karibu na magati kuna mikondo inayovuta mtu kwenda nje, na waokoaji jioni hufunga kazi wakati wewe ndiyo kwanza unaingia. Ukivutwa, usishindane nao: ng'ang'ania ubao, kata kwa pembeni sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye mkondo, ndipo urudi na povu. Na usiingie peke yako.

Mwisho, ufunguo wa gari. Usiufiche kwenye kiatu wala chini ya taulo, wanaopita ufukweni wanapajua kuliko wewe. Acha gari nyumbani, au tafuta ufunguo wa kawaida usio wa umeme ufunge shingoni ndani ya fulana.