Uvimbe wa ubongo hukua polepole: tungoje?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 54. Mkono wake wa kulia ulitetemeka wenyewe. Mara ya pili akaanguka, akazimia. Jamaa wakasema ni pepo, akapungwa. Sasa picha ya kichwa ya CT imeonyesha uvimbe wa sentimita 4 upande wa kushoto wa ubongo, wanauita meninjioma (uvimbe wa utando unaofunika ubongo), na tumeambiwa hukua polepole. Basi kwa nini tusingoje?
Binti wa Langoni, Lamu

JIBU: Marahaba. Ni kweli, meninjioma nyingi huongezeka milimita 1 au 2 tu kwa mwaka. Ndiyo maana hujificha: ubongo husogea kidogo kidogo kuupisha, mpaka nafasi ikaisha. Mtu mzima asiyewahi kuwa na kifafa akitetemeka upande mmoja, apigwe picha ya kichwa, hata akiinuka papo hapo akaomba chai. (Pepo hatuwagombi; tunachogomba ni miezi inayopotea.)

Kungoja kunafaa uvimbe ukiwa mdogo na hauna dalili. Mwenye uvimbe huo hurudia MRI (picha ya sumaku) baada ya miezi 6, kisha kila mwaka. Wa mama ni mkubwa na umeshamtia kifafa. Afya yake ikiruhusu, upasuaji ndio njia.

Kwanza MRI ya dawa ya mshipani, ionyeshe uvimbe umeshikana na mishipa gani ya damu. Figo zipimwe kabla ya dawa hiyo. Mkienda Mombasa kwa upasuaji bebeni CD ya picha, si karatasi ya majibu peke yake. Vidonge vya kifafa asiviruke hata siku ya safari. Kwenye boti ya Mokowe aketi katikati, na jaketi la kuokolea mwilini. Akipewa deksamethasoni ya kupunguza maji yanayouzunguka uvimbe, sukari ipimwe, na asiiache ghafla: presha inaweza kushuka vibaya. Hupunguzwa hatua kwa hatua.

Atalazwa kwa nusukaputi. Kipande cha fuvu hufunguliwa, uvimbe huchimbwa kutoka ndani hadi ulegee, ndipo kingo zake zibanduliwe juu ya ubongo. Kuuvuta mzima mzima ndiko kunakojeruhi sehemu inayoongoza mkono. Utando ulioshika mzizi hukatwa pia, ukifikika. Ukiachwa, uvimbe huweza kuota tena. Kisha mfupa hurudishwa na kufungwa kwa skrubu, na nyama hupelekwa maabara.

Msikimbilie kurudi Lamu. Kaeni Mombasa hadi nyuzi zitolewe, kama siku 10 hadi 14. Kidonda kikitoa maji maangavu, akipata homa, akisinzia kupita kiasi au mguu mmoja ukivimba, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo.