Sakafu imeoza? Weka grenda chini kwanza

Kusi likianza na boti za faiba zikapandishwa nchi kavu, vijana huvamia kazi kabla hata ya chai. Adhuhuri inawakuta sakafu iko nje, stringa zote tatu (mbao ndefu zilizovishwa faiba, zinazoshika tumbo chini ya sakafu) ziko nje, povu limejaa kwenye viroba, na boti imekaa juu ya trela kama beseni tupu. Ndipo simu inapopigwa: "Fundi, sasa tunaanzia wapi?" Mwanzo ulikuwa asubuhi, wadogo zetu.

1. Toboa kabla ya kukata. Sakafu inayobonyea kila mtu anaiona. Stringa ndiyo mwongo, maana faiba ya nje hubaki ngumu hata mbao ya ndani ikiwa imeshageuka ugoro uliolowa. Tumia kekee ya mm 5, chini kabisa ubavuni, upande wa tezi, yaani nyuma, ambako maji hulala. Ukitoka unga mkavu wa rangi ya mbao, ziba tundu. Ukitoka mweusi unaonata, songa kuelekea omo, yaani mbele, ukitoboa hadi upate mbao nzima. Transomu, ule ukuta wa nyuma unaobeba injini, nayo itobolewe siku hiyohiyo, maana mara nyingi vimeoza pamoja.

2. Tangi la petroli litoke na ngama (chini kabisa ndani ya boti, maji yanapokusanyika) ipepewe kabla ya grenda kuguswa. Hili halina maelezo ya ziada.

3. Hapa ndipo penye kidonda, na sisi mnaotuita wakubwa hatuna pa kujificha, kwa sababu tumekosea hivi kabla yenu na wengine tumekosea mara mbili. Kosa ni kung'oa stringa zote kwa mkupuo boti ikiwa juu ya trela yake.

Tumbo la boti ya futi 18 mara nyingi lina unene wa mm 6 hadi 10 tu. Umbo lake linashikwa na stringa pamoja na sakafu. Ukiviondoa vyote, faiba inaanza kulegea taratibu. Juu ya kila rola inasukumwa ndani, na katikati ya rola inaning'inia. Ikiwa trela inaishia kabla ya transomu, sehemu ya nyuma inashuka, hasa injini ikiwa bado inaning'inia pale. Hakuna mlio wala ufa. Kwa macho boti ni ileile. Kisha unakuja na stringa mpya, unaichonga ifuate tumbo lilivyo sasa, unaifunika kwa mati (mkeka wa nyuzi za faiba) na rezini (majimaji yanayoigandisha), na kilema unakigandisha daima kwa mikono yako mwenyewe, tena kwa kazi safi ya kupigiwa picha.

Malipo yanakuja majini. Nyuma ikishuka hata mm 5 au 6 katika mita ya mwisho, boti inainamisha pua ikikimbia, inakuwa nzito kwenye usukani na mwendo unapungua. Ikipinda kinyume chake, inarukaruka kama pomboo hata bahari ikiwa shwari. Mwenye boti atalaumu propela, atanunua nyingine, kisha ataleta lawama kwako. Dawa ya kweli ni kuikata na kuitoa ile stringa mpya na kuanza upya. Ndiyo maana wengi wetu tulijifanya tunakagua propela.

Kwa hiyo: shusha injini. Weka boti kwenye vitako vya mbao vinavyofuata umbo la tumbo, na kimoja kiwe chini ya transomu yenyewe. Usiivue deki ya juu kama si lazima. Ikibidi, funga mbao za kukingama kutoka ukingo hadi ukingo. Lala chini na rula ya alumini ya mita 2, pima tumbo kila sm 30, uandike kwa kalamu isiyofutika. Nyosha uzi kutoka transomu hadi omo, pima kutoka kwenye uzi hadi juu ya kila stringa. Piga picha. Kisha ng'oa moja, jenga moja, iache ikauke, ndipo uguse ya pili. Inachosha, ndiyo. Kila ukimaliza moja, rudi chini na rula.

4. Saga mpaka faiba safi kwa msasa namba 36 au 40, futa kwa asetoni kabla na baada. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa rezini.

5. Hadina, dawa ya kugandisha, ni asilimia 1 hadi 2 ya rezini. Joto la nyuzi 30 na zaidi, kaa karibu na 1, yaani kama mililita 10 kwa lita. Usishuke chini ya hapo ukidhani unajiongezea muda, maana rezini haitakomaa. Changanya nusu lita, si ndoo. Kama rezini yako inahitaji kobalti (dawa ya kuharakisha kuganda), ichanganywe kwanza kwenye rezini peke yake, ndipo hadina ifuate; kobalti na hadina zikikutana zenyewe hulipuka. Miwani vaa, tone moja la hadina linapofua jicho.

6. Hesabu ya mali, kwa sababu kila mara mnaishiwa siku ya Jumapili. Stringa tatu za mita 4, kila moja ikihitaji upana wa karibu sm 85 wa mati kupanda, kuvuka na kushuka: mita za mraba 10. Tabaka tatu, 30. Sakafu mita za mraba 7, tabaka moja chini na mbili juu: 21. Mati ya gramu 450 hunywa takriban kilo moja ya rezini kwa mita ya mraba, basi kilo 51, ongeza za kumwagika. Mati hii ya kawaida isitumike na epoksi, gundi inayoshika nyuzi zake haiyeyuki humo.

7. Stringa isikae mbao juu ya faiba. Acha nafasi ya mm 5, jaza rezini iliyokolezwa, vuta kona iwe ya mviringo, kisha tabaka zitambae juu ya tumbo sm 5, 10, 15. Ukiibana moja kwa moja, mstari wake utajichora nje kwenye jelkoti (ngozi ya nje yenye rangi) kama ufa. Plaiwudi ya baharini mm 18, mbili zilizogundishwa, maungio yasikutane.

8. Mashimo ya kupitishia maji yavishwe kipande cha bomba la plastiki, mbao isionekane. Maji ya mvua ndiyo yanayoozesha, kuliko ya chumvi. Kabla sakafu haijalala, funga nguruzi (kizibo cha tundu la kutolea maji), inua omo kidogo, mwaga ndoo moja ya maji mbele, subiri. Yote yafike kwenye ngama. Yakibaki hata kikombe mahali, umeona pa kutoboa, na bado hujafunika kitu.