Mtoto mkubwa: nianzishiwe uchungu au nipasuliwe?

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi Tanga, nina mtoto mmoja. Mimba hii ya pili ina wiki 38 na siku 3. Wa kwanza nilimzaa kwa njia ya kawaida, alikuwa na kilo 3.6. Juzi nimepiga ultrasaundi, wakasema huyu ana kilo 4.2. Sukari nilipimwa, haina shida. Daktari wa kliniki amenipa njia mbili: nianzishiwe uchungu wiki ya 39 au nipangiwe upasuaji. Mama mkwe anasema nisubiri tu uchungu uje wenyewe, na ameniletea dawa ya mizizi ya kuuharakisha. Nifuate lipi?
*Mama mtarajiwa, Tanga*

JIBU: Marahaba, mama. Tuanze na mizizi, kwa sababu hiyo haingoji: usiinywe. Dawa za miti za kuongeza uchungu hubana mji wa mimba kwa nguvu ambayo hakuna anayeipima. Dripu ya uchungu ya hospitali ikizidi, mkunga anaifunga papo hapo. Kikombe ulichokwisha kunywa hakuna wa kukifunga. Mji wa mimba ukibanwa bila kupumzika, mtoto hukosa hewa, na unaweza hata kupasuka. Kama umeshaonja, waambie hospitali bila kuona haya, maana wakikuongezea dawa yao juu ya hiyo, hatari inazidi.

Lakini mama mkwe ana haki kwa jambo moja. Kusubiri ni njia ya tatu, nawe umetajiwa mbili tu.

Hiyo kilo 4.2 haikutoka kwenye mizani. Ultrasaundi hupima kichwa, tumbo na mfupa wa paja, kisha mashine inakokotoa uzito. Kukosea kwa asilimia 10 hadi 15, juu au chini, ni jambo la kawaida, na mwisho wa mimba huwa vigumu zaidi kupata kipimo kizuri. Kwa hiyo mwanao anaweza kuwa na kilo 3.6 au 4.8. Hiyo 3.6 ndiyo uzito wa mtoto uliyemzaa salama. Tungependa kila mama aelezwe hivi kabla hajatoka chumba cha kipimo, kwa sababu namba tupu inatia hofu.

Hofu yenyewe ina msingi wake. Kinachoogopwa hasa ni mabega kukwama: kichwa kimeshatoka, bega la mbele likanasa nyuma ya mfupa wa kinena. Hapo wakunga wana dakika chache tu. Wanakunja mapaja ya mama hadi yaguse tumbo, mmoja anasukuma bega kwa kiganja juu kidogo ya kinena, na lisipotoka wanamzungusha mtoto ndani au wanatoa mkono wa nyuma kwanza. Anayekandamiza sehemu ya juu ya tumbo anakosea, maana hapo bega linazidi kunasa. Kuvuta kichwa kwa nguvu ndiko kunakoumiza mishipa ya fahamu ya mkono. Wengi wa watoto walioumia mkono hupona katika miezi ya mwanzo, ila wachache hubaki na ulemavu.

Je, kuanzisha uchungu mapema kunazuia hayo? Kunasaidia, ila kidogo. Utafiti wa Ufaransa, Uswisi na Ubelgiji uliochapishwa 2015 ulihusu akina mama 822. Mabega kukwama kwa madhara, pamoja na majeraha yanayoambatana nako, kulitokea kwa asilimia 2 ya walioanzishiwa na asilimia 6 ya waliosubiri, na upasuaji haukuongezeka. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2025, wenye akina mama karibu 2,900, ulipata asilimia 2.3 kwa walioanzishiwa dhidi ya 3.1, tofauti ndogo kiasi kwamba huenda ni bahati tu. Kwa upande wa pili, katika ule wa 2015 watoto waliozaliwa mapema walihitaji zaidi taa ya kutibu manjano.

Upasuaji kwa ajili ya uzito peke yake una kipimo chake. Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kinashauri ufikiriwe mtoto akikadiriwa kilo 5 au zaidi kwa mama asiye na kisukari, na kilo 4.5 kwa mwenye kisukari. Sababu iko kwenye hesabu iliyofanywa huko mwaka 1996: ukiweka kikomo kwenye kilo 4.5, ingebidi kupasua akina mama 3,695 wasio na kisukari ili kumwepusha mtoto mmoja na ulemavu wa kudumu wa mkono. Kwa wenye kisukari ni 443. Kovu nalo lina gharama. Kuna damu, usaha na damu kuganda miguuni, halafu mimba zinazofuata kondo linaweza kujishika kwenye kovu likakataa kutoka. Hatari hiyo hupanda kwa kila upasuaji. Ukitaka watoto wanne, hilo lina uzito mkubwa kwako kuliko kwa anayefunga uzazi na huyu.

Kwa hiyo kwako wewe, usiye na kisukari wala kovu, uliyekwisha kuzaa kawaida, hatuoni kilo 4.2 kuwa sababu ya kukata. Chagua kati ya kuanzishiwa ukitimiza wiki 39 na kusubiri kwa kufuatiliwa. Kabla hujaamua, omba upimwe mlango wa kizazi. Wanaangalia mambo matano: umefunguka kiasi gani, umefupika kiasi gani, ni laini au mgumu, umeelekea mbele au nyuma, na kichwa kimeshuka kiasi gani. Jumla ya juu ni alama 13. Ukipata zaidi ya 8, kuanzishiwa kwako kutafanana na uchungu wa kawaida. Ukipata 6 au chini, mlango utalainishwa kwanza, na jiandae kwa siku mbili wodini.

Jambo la mwisho, nalo kwetu ndilo zito kuliko yote: usianzishiwe mahali pasipo na chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku na mchana, damu, na wakunga wa kutosha kusikiliza mapigo ya mtoto mara kwa mara. Kama kituo chako hakina hayo, omba rufaa sasa, ukiwa bado unatembea. Na ukiona damu, chupa ikipasuka, au mtoto akipunguza kucheza, nenda hospitali saa hiyohiyo. Ukishayaelewa haya yote na bado ukachagua upasuaji, ni haki yako, mradi usifanyike kabla ya wiki 39 bila sababu nyingine, kwa sababu mapafu ya mtoto hufaidika na zile siku za mwisho.

SWALI: Hujambo daktari. Mke wangu, mimba ya kwanza, aliambiwa mtoto ana kilo 4.1. Walimpa tembe kila baada ya saa mbili, wakamwekea puto kwenye mlango wa kizazi, halafu dripu. Siku ya pili jioni wakampasua, na mtoto alikuwa na kilo 3.9. Ndugu zangu wanasema hospitali ilimtesa bure. Ni kweli?
*Baba, Kisumu*

JIBU: Hatujambo, baba. Hongereni kwa mtoto. Kwa uliyoyaeleza, mpangilio huo unafuata utaratibu unaokubalika. Mimba ya kwanza yenye mlango mgumu huchukua muda. Kazi ya kwanza ya tembe na puto ni kulainisha mlango, na hiyo peke yake inaweza kumaliza siku nzima. Uchungu unahesabiwa umekomaa mlango ukifika sentimita 5. Haifai kusema kuanzisha kumeshindikana mpaka chupa imepasuliwa na dripu imekwenda saa 12 hadi 18, ikiwa mama na mtoto wako salama. Wanaokata mapema zaidi ya hapo bila dalili ya hatari ndio wanaoongeza makovu yasiyo ya lazima. Tofauti ya kilo 3.9 na 4.1 isiwashangaze. Kipimo hicho kilikaribia sana.

Kinachoharibika katika kuanzisha uchungu mara nyingi ni kipimo cha dawa. Dozi moja ya misoprosto, dawa ya tembe ya kuanzishia uchungu, ni maikrogramu 25. Tembe iliyozoeleka ni ya 200, na ikikatwa kwa wembe vipande vinane, kimoja kinakuwa kikubwa kuliko kingine. Palipokosekana tembe ya 25, Shirika la Afya Duniani linaelekeza wahudumu waiyeyushe ile ya 200 katika mililita 200 za maji na kumpa mama mililita 25 kila saa mbili. Dripu nayo isifunguliwe mara tu baada ya tembe. Inangoja saa 4 hadi 6, la sivyo dawa mbili zinabana kwa pamoja. Uchungu ukizidi mara 5 ndani ya dakika 10, mkunga hufunga dripu, humlaza mama ubavu wa kushoto na kusikiliza moyo wa mtoto. Kama mkeo alihudumiwa hivyo, alilindwa. Ombeni maandishi ya upasuaji yanayoonyesha aina ya mkato na sababu yake, mkayatunze. Mimba ijayo yatahitajika.

SWALI: Nina kisukari cha mimba na kovu moja la upasuaji. Mtoto anakadiriwa kilo 4.6. Dada yangu mkunga anasema nisikubali tembe ya uchungu. Nijaribu kuzaa kawaida?
*Mama, Mwanza*

JIBU: Dada yako yuko sahihi. Misoprosto kwenye kovu inaweza kupasua mji wa mimba. Na kwa kisukari pamoja na kilo 4.6, tunakushauri upasuaji wa kupangwa. Watoto wa mama mwenye sukari hunenepa mabega na kiwiliwili kuliko kichwa, ndiyo maana wanakwama zaidi. Pima kundi la damu mapema na uombe iandaliwe. Usile kwa saa 6 kabla. Maji matupu yanaruhusiwa hadi saa 2 kabla. Kama unachoma insulini, uliza dozi ya usiku ule na ya asubuhi yake. Dawa ya kuzuia usaha ichomwe ndani ya dakika 60 kabla ya mkato.

Mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza, hata ukiwa bado unashonwa ikiwezekana, kisha apimwe sukari. Watoto hawa sukari yao hushuka ghafla, wakalegea au kutetemeka. Nawe rudi upimwe sukari kati ya wiki 6 na 12 baada ya kujifungua, hata kama unajisikia mzima.