Bunduki ya nini Mlima Meru?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi na washkaji zangu watatu wa hapa Moshi tunataka kupanda Meru mwezi wa saba, sasa tumeambiwa lazima tuongozane na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Sisi sio wageni wa milima, Mandara, ile kambi ya Kilimanjaro, tumeshafika kwa miguu. Hiyo bunduki ya kazi gani, au ndo kutafutiwa hela tu? Na siku mbili si zinatosha?

JIBU: Salama mdogo wangu. Bunduki ni ya nyati. Ukishatoka geti la Momella unakatiza mbuga wanayolisha, twiga nao wamesimama tu wanakushangaa, na tembo wanashuka msituni, kwahiyo hata uwe mzaliwa wa Meru huendi bila askari. Mkipita njia ndefu mtaona ule mkuyu wenye tao, gari linapita chini yake kabisa, hapo pigeni picha ila msizubae.

Sasa hiyo Mandara mnayojivunia ni mita 2,700 na kitu, yaani mmeizidi Miriakamba kidogo tu, ambayo ni kambi ya usiku wa kwanza! Ya pili ni Saddle, mita 3,570, na kilele ni 4,562. Siku mbili jamani hapana. Wengi wanaenda tatu, mi nasema nne, maana mchana wa Saddle mnapanda Meru Ndogo, kile kilele kidogo cha jirani, mnarudi kulala, mwili unaizoea ile hewa.

Kazi yenyewe inaanza saa saba usiku. Baada ya Rhino Point, kituo kilicho juu ya Saddle, mnatembea juu ya ukingo wa kreta, kushoto korongo, kulia mteremko, chini majivu, unapiga hatua mbili unarudi moja. Mimi mara ya kwanza nilijifanya mjanja nikaenda na glavu za pikipiki, zikalowa jasho, mpaka alfajiri nashindwa hata kufungua chupa ya maji, akanifungulia yule yule askari niliyekuwa namnunia tangu getini. Jua lilipochomoza nyuma ya Kilimanjaro nikaona ile koni ya majivu iko chini yetu ndani ya kreta, nikasahau vidole kidogo.

Mwezi wa saba mmechagua vizuri, njia kavu, ila baridi yake kali. Kichwa kikigonga na kutapika juu, shukeni, msibishane na askari.