TSH yangu ilisoma chini, kumbe tezi ilikuwa imezembea

Ndugu uliyeuliza, umesema unachoka bila sababu, nywele zinakatika, na majibu ya maabara yameonyesha TSH iliyo chini, nawe unataka kujua kama uanze dawa za kupunguza nguvu ya tezi ya thairoidi. Nakuomba usiharakishe, kwa sababu mimi nusura nitibiwe ugonjwa ulio kinyume kabisa cha niliokuwa nao.

TSH ni homoni ambayo haitoki kwenye thairoidi yenyewe, bali hutolewa na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo ili kuichochea thairoidi. Ndiyo maana thairoidi ikizembea TSH hupanda, na ikizidisha kazi hushuka. Yangu ilisoma 0.3, yaani chini, T4 (homoni inayotengenezwa na thairoidi yenyewe) ikawa juu, na daktari wa kwanza akasema tezi inafanya kazi kupita kiasi. Sasa, mwenye hali hiyo kwa kawaida hukonda, hutokwa jasho na moyo humwenda mbio, ilhali mimi nilikuwa nikivaa sweta wakati wenzangu wanalalamikia joto, nimenenepa, choo kigumu, na mapigo ya moyo 54 kwa dakika.

Daktari wa pili alisimama nyuma yangu, akaniweka vidole shingoni na kuniambia nimeze mate, ili aisikie tezi ikipanda na kushuka. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: ninameza vitamini gani? Nilikuwa nikitumia biotini, miligramu 10 kila siku, nikijaribu kuziokoa nywele hizo hizo. Akanieleza kwamba vipimo vingi vya homoni hutumia biotini katika upimaji wenyewe, hivyo ikizidi kwenye damu huweza kuonyesha TSH ya chini na T4 ya juu, zote za uongo. Niliiacha kwa wiki moja, tukapima upya: TSH 18, yaani juu, T4 chini, na kingamwili za TPO (zinazolenga kimeng'enya cha thairoidi) zikiwa nyingi, dalili kwamba kinga ya mwili ndiyo iliyokuwa ikiishambulia tezi. Ulikuwa ugonjwa wa Hashimoto.

Basi mtajie daktari kila kidonge unachomeza, hata kile usichokihesabu kuwa dawa, na kama una ujauzito mwambie pia, kwa kuwa katika miezi ya mwanzo TSH hushuka yenyewe. Omba T4 huru, yaani ile isiyoshikamana na protini za damu, ipimwe pamoja na TSH. Ikibainika kuwa unahitaji levothairoksini, dawa ya kujazia homoni ya thairoidi, kama mimi, kipimo cha kufuatilia hufanywa baada ya wiki 6 hadi 8, kwani kabla ya hapo TSH huwa bado haijatulia.