Nyimbo Zangu Redioni

SWALI: Mimi ni mwigizaji na mwanamuziki hapa Jinja. Redio imenipa nusu saa nieleze nyimbo tano nizipendazo na maana yake kwangu. Nijipangeje?

JIBU: Ndugu msomaji, tano ni nyingi. Kila moja ikiwa ya dakika nne, dakika 20 zimekwisha. Ukitoa salamu na matangazo, hubaki na nafasi ya kusema lolote la maana. Chagua tatu.

Eleza kabla wimbo haujapigwa, kwa sekunde 60 hadi 90: uliusikia wapi, ulikuwa ukipitia nini, mstari gani ulikushika. “Wimbo huu unanigusa sana” hakumwambii msikilizaji kitu. Wimbo ukiwa wa Kiluganda au Kisoga, mfasirie mstari huo mmoja tu, ili sikio lake liungoje.

Kinachoharibu vipindi vizuri ni mafaili. Usirekodi kwa simu kutoka kwenye spika. Peleka WAV (faili la sauti lisilobanwa), au MP3 (lililobanwa) ya kbps 320, yaani kilobiti 320 za data kwa kila sekunde ya sauti, kwenye fleshi, siku moja kabla. Faili la kbps 128 ukilipandisha hadi 320 huongezeka ukubwa tu. Ubora uliopotea haurudi. Nyimbo zilizotolewa kwenye kaseti mara nyingi husikika chini, kwa hiyo mwombe fundi mitambo asawazishe sauti zote mapema.